Ngoma Zetu: Namna Wapiga Ngoma wa Burundi Walivyopata Kujulikana



Kamati ya jamii ilipokuwa ikigawa makala za toleo hili la kumbukumbu, wengine walipewa kuandika juu ya shule, wengine juu ya maji na zahanati, nami nikapewa kikundi cha ngoma. Sababu waliyoitoa ni kwamba hakuna sherehe iliyofanyika hapa ambayo kikundi hicho hakikuitwa. Niliposhika kalamu niliona siwezi kueleza habari za kikundi chetu kabla ya kueleza habari za ngoma zenyewe, maana watoto tunaowafundisha, wengi wao wamezaliwa hapa. Siku moja niliwauliza wanafunzi wa darasa la nne ngoma hizi asili yake ni wapi. Mmoja alinyosha mkono akasema asili yake ni ghala la shirika, kwa kuwa ndimo zinamofungiwa. Wenzake walicheka. Lakini mtoto yule alijibu kwa yale aliyoyaona kwa macho yake.

Basi makala hii ni yake kwanza. Ndugu zetu Wakongomani tunaokaa nao, na wageni waliotoka nchi za mbali, nao wataona humu mambo ambayo labda hawakuyajua, kwa maana sauti ya ngoma hizi ilifika katika nchi zao zamani, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

INGOMA NA UFALME

Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana ya ngoma hii inayopigwa, tena lina maana ya utawala. Mzee akikuambia jambo fulani lilitokea "ku ngoma ya Mwezi", anakuambia kwamba lilitokea wakati Mwami Mwezi anatawala. Maana hizo mbili hazikukutana katika neno moja kwa bahati tu. Kwa wazee wetu, ngoma ilikuwa ndiyo nchi. Mwami alipoamka asubuhi ngoma zilipigwa, alipokwenda kulala zilipigwa, na popote alipokwenda kutembelea nchi yake zilimtangulia.

Ngoma iliyokuwa juu ya zote iliitwa Karyenda. Hiyo haikuwa ya kuchezewa wala ya kuonyeshwa kila siku. Ilikuwa na watunzaji wake, na wakati wake mkubwa ulikuwa umuganuro, yaani sikukuu ya mtama, ambapo Mwami aliibariki mbegu na wananchi wakapata ruhusa ya kupanda. Karyenda ilikuwa pia na mwanamke aliyewekwa kwa ajili yake, akaitwa Mukakaryenda, maana yake mke wa Karyenda. Namwomba msomaji asimsahau mama huyo, kwa sababu nitarudi kwake mbele.

Sikukuu ya umuganuro ilizimwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, maana ilionekana kuwa ni mambo ya kipagani. Hata hivyo ngoma haikufutika katika mawazo ya watu. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ngoma ya Karyenda pamoja na mmea wa mtama viliwekwa katikati ya bendera ya taifa. Novemba 1966 ufalme uliondolewa, na ngoma ikatolewa katika bendera. Mwaka 1967 mtama nao ukatoka, zikaja nyota tatu ambazo mpaka leo zipo. Miaka minne na miezi michache tu ilitosha kwa ngoma kupanda juu ya mlingoti wa bendera na kushuka tena.

KILIMA CHA GISHORA

Ngoma za kifalme hazikukaa mahali pamoja. Zilikuwa na makao yake kwenye vilima mbalimbali, na kila makao yalikuwa na ukoo uliokabidhiwa kazi ya kuzitunza, kuzitengeneza na kuzipiga. Makao yanayojulikana zaidi ni Gishora, kilomita chache tu kutoka mji wa Gitega. Inasimuliwa kwamba Mwami Mwezi Gisabo, yule aliyepigana na Wadachi mpaka mapatano ya Kiganda ya mwaka 1903, ndiye aliyeyaweka makao hayo baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908.

Pale Gishora ziliwekwa ngoma mbili takatifu. Ya kwanza inaitwa Ruciteme, yaani yule ambaye watu humfyekea msitu. Ya pili ni Murimirwa, yaani yule ambaye watu humlimia. Tazameni majina hayo vizuri. Hayasemi habari za mkuki wala za damu. Yanasema habari za panga la kufyeka na jembe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye wageni walizipa ngoma hizi jina la "ngoma za wapiganaji", na wengine hudhani hivyo hata leo.

Wapiga ngoma tunawaita abatimbo. Hawakusoma katika chuo. Mtoto wa ukoo ule alikaa karibu na baba yake na wajomba zake, akapiga kigogo, akapiga mtungi, mpaka mikono ikazoea. Alipopata nguvu aliwekwa kwenye ngoma ya pembeni kabisa, na huko alikaa miaka. Hakuna aliyeanza katikati. Katika wazee wa Gishora waliopata kujulikana nchini kote yuko marehemu Antime Baranshakaje, na ukoo wake uliendelea na kazi hiyo baada yake. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu majina ya wapiga ngoma yaliyobaki katika maandishi ni machache mno. Shida hiyo ya majina ndiyo nitakayoieleza zaidi.

UMBO LA NGOMA NA NAMNA YA KUPIGA

Ngoma ya Burundi hutengenezwa kwa gogo zima la mti tunaouita umuvugangoma, yaani mti wa kuliza ngoma. Watanzania wengi huuita mringaringa. Gogo hutobolewa ndani, kisha juu huwambwa ngozi ya ng'ombe ambayo hubanwa kwa vigingi vya mti. Fimbo mbili za kupigia ni imirisho.

Sehemu za ngoma zina majina ya mwili wa mama. Ngozi inaitwa icahi, ambayo ni ile ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi vinaitwa amabere, yaani maziwa ya mama. Duara la juu ni urugori, taji ambalo mwanamke aliyezaa huvaa kichwani. Gogo lenyewe ni inda, tumbo, na kitako chake ni umukondo, kitovu. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya ngoma yetu anasimama mbele ya mzazi.

Wakati wa kupiga, wapigaji huingia uwanjani kwa msururu, kila mmoja ngoma yake kichwani, huku wakizipiga hivyo hivyo wakitembea. Mwenye kujua uzito wa gogo lile atajua kwamba huo peke yake ni ufundi. Halafu wanazitua na kuzipanga kama nusu mwezi, na ngoma moja inawekwa katikati. Hesabu yake hufika kama kumi na zaidi, nayo haiwi ya kugawanyika kwa mbili.

Ile ya katikati ni inkiranya. Ndiyo inayoamuru. Zile zinazoitwa amashakwe hushika mdundo mmoja bila kuacha, na zile zinazoitwa ibishikizo hufuata yale yanayosemwa na inkiranya. Kila mpigaji hupata zamu yake ya kutoka kwenye mstari na kuja katikati, akaruka, akacheza, akaonyesha uhodari wake, kisha akamwachia mwenzake. Hapo ndipo pana jambo ambalo napenda kuwaonyesha wanafunzi wangu: kila mtu anafika katikati, na hakuna anayekaa pale siku nzima. Wakimaliza, ngoma zinarudi kichwani na wanatoka wakiendelea kupiga, sauti inapungua taratibu kadiri wanavyokwenda.

SAUTI ILIYOSAFIRI BILA WENYEWE

Baada ya ufalme kuondolewa wengi walidhani abatimbo wamekwisha, kwa kuwa mwenye kuwalisha na kuwapa heshima hakuwapo tena. Lakini jamhuri nayo iliwahitaji. Ikawa siku ya uhuru wanaitwa, mgeni wa serikali akifika uwanja wa ndege wanaitwa. Kazi ikabadilika: badala ya kumwamsha Mwami, wakawa wanapokea wageni. Nadhani hapo ndipo ilipoanza ile desturi ambayo hata hapa kambini tunayo, kwamba ngoma ni kitu cha kupokelea wageni.

Mwaka 1967 Mfaransa mmoja jina lake Michel Vuylsteke alikuja Burundi na chombo cha kunasia sauti. Akanasa nyimbo za vilima vingi, na kati ya hizo akanasa ngoma. Sauti hizo zilitolewa katika sahani ya santuri na Ocora, kampuni ya redio ya Ufaransa iliyokuwa ikihifadhi muziki wa Afrika. Ilikuwa kazi nzuri, na kama asingeifanya tungekuwa hatuna leo ushahidi wa namna ngoma zilivyopigwa wakati ule. Kwa upande huo namshukuru.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1971 mwanamuziki mwingine wa Ufaransa, Michel Bernholc, alichukua sauti ya ngoma hizo katika sahani ile, akaongeza juu yake gitaa, kinanda na ngoma za kizungu, akaitoa kama wimbo wake kwa jina la Burundi Black. Yeye mwenyewe alijiita Mike Steïphenson. Wimbo huo ulipendwa ukaingia katika orodha ya nyimbo 40 zilizouzwa zaidi Uingereza. Mpigaji hata mmoja hakutajwa. Nchi ilitajwa, kwa sababu jina lake liliuza. Watu wa nchi hiyo hawakutajwa. Wale walioipiga walikuwa kwenye vilima vyao wakilima maharage, wala hawakujua kwamba vijana wa London wanacheza kwa mikono yao.

Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alitumia sauti ya ngoma hizo hizo katika wimbo wake The Jungle Line. Huyo angalau aliandika kwenye jalada kwamba ngoma ni za Burundi, ila aliziita ngoma za wapiganaji. Ruciteme na Murimirwa, ngoma za kufyeka na kulima, zikageuzwa kuwa za vita. Kisha mwaka 1980 na 1981 zikaja bendi za Kiingereza zilizoujenga muziki wao mzima juu ya mdundo huo, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow. Santuri zao ziliuzwa kwa wingi, na magazeti ya kule yaliuita mtindo huo mdundo wa Burundi. Mwanafunzi akiniuliza kama huo ni wizi, humjibu kwamba sheria za wakati ule hazikuwa na kifungu cha kumlinda mpiga ngoma wa kilimani, na jambo lisilo na kifungu huwa halina mwizi. Lakini aliyepoteza huwa yupo.

WENYEWE WAFIKA

Mwaka 1982 ndipo mambo yalipobadilika. Mwezi wa Julai mwaka huo, mwimbaji wa Kiingereza Peter Gabriel pamoja na wenzake walifanya tamasha la kwanza la WOMAD katika mji wa Shepton Mallet, Uingereza, wakialika wanamuziki wa nchi nyingi. Wapiga ngoma wa Burundi walialikwa, wakaja wenyewe kwa miguu yao na ngoma zao vichwani. Bendi ya vijana wa kule, Echo & the Bunnymen, ilipiga wimbo mmoja pamoja nao. Tamasha lenyewe lilipata hasara kubwa ya fedha, lakini watu elfu nyingi waliona kwa macho kile walichokuwa wakikisikia kwa miaka kumi na moja bila kukijua.

Tangu hapo kikundi hicho, kinachoitwa kwa Kifaransa Les Maîtres-Tambours du Burundi, kimesafiri nchi nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilitoa santuri yake chenyewe kwa kampuni ya Real World ya huyo Peter Gabriel. Safari hii jina lililokuwa juu ya jalada lilikuwa la wapiga ngoma. Naona kwamba tofauti kati ya mwaka 1971 na miaka hiyo ndiyo hasa habari ya makala hii. Mdundo ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni kwamba watu waliuona uso wa anayepiga.

Ndugu zetu Wakongomani wanayo habari yao inayofanana na hii, ila ilianza vizuri zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alimkuta kijana akipiga gitaa huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi katika Katanga. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, Myeke kutoka Bunkeya, na wimbo alionaswa nao unaitwa Masanga. Tracey aliuliza jina, akaliandika. Santuri ikatoka kwa jina la Mwenda. Kwa hiyo vijana wa Kenya walipoisikia na kutaka kupiga kama yeye, walijua wanamfuata nani, na yeye mwenyewe alipofika Nairobi baadaye alipokelewa kama mtu anayefahamika. Jirani yangu mmoja Mkongomani, mzee mwenye gitaa lenye nyuzi nne (mbili zilikatika, hazijapatikana), hunikumbusha kila mara kwamba kwao muziki una wenyewe. Kuuliza jina la mtu na kuliandika hakuhitaji hata dakika tano.

KUTAMBULIWA NA KUFUNGIWA

Novemba 2014, katika kikao kilichofanyika Paris, UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Siku hiyo Warundi wa kila upande walifurahi, hata wale ambao katika mambo mengine hawakubaliani. Miezi michache baadaye, mwaka 2015, wengi wetu tulikuwa njiani na mabegi vichwani, na mnajua yaliyotuleta.

Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri ya rais kuhusu ngoma. Vikundi vilitakiwa viandikishwe wizarani, na kupiga nje ya shughuli za serikali kukahitaji kibali na malipo. Wanawake walikatazwa kupiga ngoma. Waliruhusiwa kucheza ngoma za wanawake. Sisi wakimbizi hatufanyi siasa, na sikuandika haya ili kulaumu. Naeleza historia, na amri hiyo ni sehemu ya historia, tena inagusa watu wetu wanaorudi nyumbani. Aliyejifunza ngoma hapa kambini akifika kwao ni lazima aijue.

Hapo ndipo namrudia Mukakaryenda. Wazee wanaosema kwamba mwanamke hakupiga ngoma zamani wanasema kweli. Lakini hao hao wametufundisha kwamba ngoma ina tumbo, ina maziwa, ina kitovu na taji la uzazi, na kwamba ngoma iliyo kuu kuliko zote haikukaa bila mwanamke. Kabla ya mwaka 2017 wasichana wa Bujumbura walikuwa wameanza kupiga katika vikundi vyao, na nchi haikuanguka. Mimi ni mwalimu wa wavulana na wasichana, na katika kuhesabu, kusoma na kushika mdundo sijaona tofauti kati yao, isipokuwa kwamba wasichana huwahi mazoezini.

KIKUNDI CHETU

Tulipofika hapa hapakuwa na ngoma hata moja. Ngoma haibebwi na mtu anayekimbia usiku akiwa na watoto. Walioanza ni watoto, kwa makopo ya mafuta ya mgao na vidumu vya maji vilivyotoboka. Wazee wawili waliokuwa wamepiga zamani kwao walisikia kelele hizo nyuma ya turubai za shule, wakaja kuwafukuza, na badala ya kuwafukuza wakaanza kuwasahihisha. Hivyo ndivyo kikundi kilivyozaliwa.

Kupata mti ilikuwa shida. Kukata miti ovyo kumekatazwa, na ni haki, maana kambi imekula msitu mwingi wa wenyeji wetu. Mazungumzo na viongozi wa kijiji jirani yalichukua muda mrefu, mpaka walipokubali kutupa mringaringa mmoja mkubwa ulioangushwa na upepo. Vijana wetu walilipa kwa kufyatua matofali ya jengo la kijiji. Ngozi zilitoka kwa wachinjaji wa sokoni, kwa bei ya kirafiki. Gogo lile lilitoa ngoma tano, na ile iliyotoka vizuri zaidi ikawa inkiranya. Ngoma nyingine zilikuja baadaye, moja moja. Mbili kati yake ni za mti mwembamba wa aina nyingine, na mwenye sikio atazitambua mara moja. Hulia kama mtu mwenye mafua.

Leo kikundi huitwa siku ya wakimbizi duniani, Juni 20, huitwa mgeni mkubwa akija, huitwa shule ikifunguliwa. Tunashukuru. Lakini wahudumu wa mashirika naomba mnipe ruhusa ya kusema mambo machache, kwa kuwa ukurasa huu mtausoma.

Katika ratiba za sherehe kikundi huandikwa "burudani", dakika kumi, kati ya hotuba na hotuba. Msomaji ameona hapo juu kwamba kuingia tu na ngoma kichwani na kuzipanga kunamaliza dakika hizo. Mara nyingi vijana wamekatishwa kabla nusu yao hawajafika katikati, na kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu akarudi na zamu yake mkononi. Wapeni nusu saa. Tena wageni hupiga picha na kunasa sauti kwa simu zao, kisha huondoka. Tunachoomba ni kwamba anayenasa aombe kwanza, na nakala irudi kwa kikundi, ili isije ikatokea tena kama ile ya 1967.

Kuhusu majina nimejadiliana na kamati kwa siku nyingi. Nilitaka orodha ya wapigaji wote ichapwe mwishoni mwa makala hii, kila mtu na kilima alichotoka. Baadhi ya wapigaji walikataa, na wana haki. Gazeti hili husafiri. Wapo wenye ndugu nyumbani, wapo wanaojiandaa kurudi, na mkimbizi hapendi jina lake lisomwe na asiyemjua. Kwa hiyo katika kambi, kutokujulikana kule kule kulikowanyima haki wazee wa 1967 ndiko kunakowalinda wajukuu wao. Sijapata njia ya kuliondoa jambo hilo. Tuliloafikiana ni hili: majina yote yameandikwa katika daftari la kikundi, pamoja na ngoma ambayo kila mmoja anaipiga na aliyemfundisha. Daftari linakaa kwa katibu wa kamati. Mwenye jina atakapotaka litoke, litatoka.

Wasichana nao wana mazoezi yao katika uwanja wa shule, kwa vidumu. Bado hawajapiga katika sherehe. Kikao cha wazee kilikaa mara mbili juu ya jambo hilo bila kupatana, na cha tatu kimeahirishwa kwa sababu ya mvua. Nimeeleza maoni yangu, na nitayasema tena humo kikaoni.

Jambo la mwisho ni juu ya wanaoondoka. Safari za kurudi kwa hiari zimechukua wapigaji wetu wengi, na kila basi likiondoka pengo linabaki katika nusu mwezi. Kulikuwa na ugomvi juu ya nani mwenye ngoma, kwa maana aliyeichonga alitaka aondoke nayo, na wenzake wakasema mti ulilipwa kwa matofali ya wote. Ilikubaliwa kwamba ngoma inabaki, na anayeondoka anachukua imirisho yake. Mzee aliyekuwa anashika inkiranya aliondoka kwa utaratibu huo, fimbo zake mbili amezifunga ndani ya blanketi. Nafasi yake inafundishwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekuja hapa amebebwa mgongoni. Bado anakimbiza mdundo kidogo akiona watu wengi, na amashakwe humvumilia.

Mazoezi ni kila Jumamosi baada ya saa tisa, nyuma ya shule. Mzazi ambaye mtoto wake anataka kujiunga amwone katibu wa kikundi, Mrundi au Mkongomani ni sawa. Mtoto aje na imirisho yake mwenyewe, ya mti mgumu uliokauka, kwa sababu za kikundi hazitoshi.